Safari ya Likizo: Mlima wa Moto na Pwani ya Ngazija

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Likizo za katikati ya mwaka zinapokaribia, katika nyumba nyingi vijana huanza kuwauliza wazee wao: "Safari hii twaenda wapi?" Zamani jibu lilikuwa jepesi, kwani watu walikwenda kwa bibi shamba au kwa shangazi mjini. Siku hizi ndege zimeikurubisha dunia, na wenye uwezo hutaka kuvuka bahari wakaone milima na fukwe za nchi nyingine. Jambo hili si baya. Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake amewahimiza watu mara nyingi watembee katika ardhi, watazame jinsi alivyoanza kuumba na jinsi ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Basi mwenye kutoka na jamaa zake kwa nia hiyo, safari yake yaweza kuwa ni ibada, insha Allah.

Lakini twaona makosa mawili katika safari hizi. Wako wanaotoka bila ya matayarisho, na wakionywa husema kuwa wamemtegemea Mungu. Na wako wanaopanga kila kitu, tiketi, hoteli na picha watakazopiga, ila Sala zao, maji yao na njia ya kurudi hawakuvipanga. Makosa haya mawili ni ndugu. Yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Na mwenye kupanda mlima au kutembea ufukweni katika nchi ya ugenini, kamba yake ya kumfungia ngamia ni hii: apange marejeo kabla ya kupanga kwenda. Hilo ndilo neno letu la mwezi huu, na yote tutakayoyataja hapa chini ni matawi yake.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutachukua mahali pamoja khasa, nako ni Ngazija, kisiwa kikubwa katika Visiwa vya Komoro. Kutoka Dar es Salaam mpaka Moroni ni karibu kilomita 700 kwa ndege. Nchi ni ya Waislamu, madhehebu yao ni ya Imamu Shafii kama yetu wengi wa pwani hii, na lugha yao ya Kingazija ni ndugu ya Kiswahili. Sheikh Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi wa Unguja na mwalimu wa masheikh wetu, alizaliwa Itsandra, karibu na Moroni, mwaka 1861. Basi Mswahili aendaye Ngazija amevuka mpaka wa nchi, lakini hakutoka katika udugu.

MLIMA WENYEWE

Ngazija nzima ni kazi ya moto. Kisiwa kimejengwa na mawe yaliyoyeyuka ambayo yalitoka chini ya ardhi, yakapoa, yakarundikana mpaka yakainuka juu ya bahari. Na jina la Moroni wenyewe hulifasiri kuwa ni "motoni". Mlima wa Karthala, ambao ndio wenye uhai mpaka leo, una kimo cha mita 2,361. Juu yake pana bonde kubwa la duara, upana wake kama kilomita tatu kwa nne, na ndani yake yamo mashimo ya volkeno. Chini ubavuni mna mashamba ya migomba, vanila na milangilangi. Juu yake msitu wa mvua wenye kangaga na kuvumwani. Kisha vichaka vifupi vya baridi. Na mwisho mawe meusi na majivu. Katika msitu ule yuko bundi mdogo ambaye haonekani mahali pengine popote duniani ila katika mlima huo. Mwenye macho ya kuzingatia atapata mengi ya kuzingatia.

Lakini mlima huu si pambo. Tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara ishirini. Mwaka 1903 watu 17 walikufa kwa hewa ya sumu iliyotoka katika nyufa za ardhi. Mwezi wa Aprili 1977 ardhi ilipasuka chini kabisa ubavuni, mbali na kilele, na mto wa moto ukaangamiza nyumba katika kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Majivu yakaanguka juu ya vijiji, maelfu ya watu wakahama makwao, na maji ya kunywa yaliyowekwa katika mabirika yakachafuka. Milipuko mingine ikafuata mwaka 2006 na Januari 2007.

Twayataja haya si kwa kutia watu khofu, bali kwa kuwa khabari ndiyo mwanzo wa matayarisho. Katika mji wa Moroni mna kituo cha wataalamu wanaousikiliza mlima kwa vyombo vya kupimia mitetemeko ya ardhi. Kazi ya kwanza ya baba mwenye nyumba, kabla ya kulipa fedha yoyote ya wapagazi, ni kuuliza hali ya mlima kwa wenye elimu hiyo na kwa wenyeji. Wakisema mlima umefungwa, basi umefungwa. Asitafutwe kijana wa mtaani atakayekubali kupita njia ya kificho kwa fedha kidogo.

WAKATI WA KWENDA

Wakati bora wa kupanda ni siku za kusi, tangu Mei mpaka Oktoba, kwani mvua hupungua na njia hukauka. Siku za kaskazi, khasa Desemba mpaka Machi, mvua ni kubwa, msitu huteleza, na huo ndio wakati wa tufani za bahari hii. Basi likizo ya mwishoni mwa mwaka haifai kwa mlima huu, hata kama ndiyo ndefu. Wajue pia kuwa mwezi wa Julai na Agosti ndipo Wangazija waishio Ufaransa wanaporudi kwao kwa zile harusi kuu za mila. Ndege hujaa na nyumba za kulala wageni hujaa. Mwenye kutaka siku hizo na akate tiketi mapema.

Kisha na waitazame kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani si wakati wa kupanda milima. Na siku ya Ijumaa isiwe siku ya kuondoka mjini kabla ya Sala. Kwa aliye mkazi ni wajibu kuihudhuria, na Moroni pana msikiti wa kale wa Ijumaa ulio karibu na bandari, ambao hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1427. Mwenye kuusali Ijumaa msikiti huo, akaondoka Jumamosi alfajiri, amepata mambo mawili mema. Na zikipatikana siku za mwezi 12 mpaka 14, itakuwa kheri zaidi, kwani mwanga wa mwezi husaidia sana penye kambi juu ya mlima.

AMIRI WA SAFARI

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu watatu wakitoka safarini, wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Wengi wetu huidhani sunna hii kuwa ni ya misafara ya ngamia iliyokwisha pita. Sivyo. Hakuna mahali inapohitajiwa zaidi kuliko mlimani, kwani huko ndiko kila mmoja huwa na rai yake: huyu achoka, yule ataka kilele, wa tatu aona aibu kusema kuwa kichwa chamwuma.

Basi kabla ya kutoka nyumbani, familia ikae pamoja na imchague amiri. Si lazima awe mwenye umri mkubwa kuliko wote. Awe ni mtulivu, mwenye kusikia maneno ya mwongoza njia. Na wakubaliane mbele yake mambo matatu. La kwanza, saa ya kurejea: ikifika saa hiyo, mathalan saa tano ya asubuhi, popote walipo, wageuke, hata kama kilele chaonekana. La pili, akiugua mmoja wao, hakuna kumwacha nyuma peke yake wala kumrudisha na mtoto mwenziwe. La tatu, amiri akisema "turudi", hapana mjadala mpaka wafike chini.

Hapa ndipo vijana wengi huona uzito. Husema: "Tumelipa nauli, tumesafiri mbali, tutarudije na kilele kile pale?" Na wengine huongeza neno lenye sura ya dini, kwamba ajali haina kinga, na lililoandikwa litakuwa. Kwa hawa twataja khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Karibu na mwaka 639 alitoka Madina kwenda Sham pamoja na jeshi na wakubwa wa Masahaba. Walipofika mahali paitwapo Sargh wakapata khabari kuwa tauni imeingia Sham. Akashauriana na watu, kisha akaamuru msafara wote urudi. Abu Ubaida (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume iliyoafiki rai ile.

Tazameni basi, enyi vijana. Khalifa wa Waislamu, mwenye jeshi nyuma yake na nchi nzima mbele yake, hakuona haya kugeuza kichwa cha ngamia wake. Nani kati yetu atakayekuwa na imani kubwa kuliko yake hata aone kurudi kutoka mlimani kuwa ni unyonge? Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Mwenye kurudi kwa ajili ya kuhifadhi nafsi amemtii Mola wake kwa miguu yake miwili.

MAJI

Jambo ambalo mgeni wa Ngazija halitambui upesi ni kuwa kisiwa kile hakina mito. Mawe yake yana matundu, na mvua inyeshapo huzama moja kwa moja chini. Watu wa vijijini tangu zamani huishi kwa maji ya mvua wanayoyakusanya katika mabirika. Maana yake ni kuwa mlimani usitarajie kijito wala chemchemi ya kunywa. Kila tone utakalolihitaji ulichukue.

Na tufanye hesabu. Mtu mzima apandaye mlima hahitaji chini ya lita tatu au nne kwa siku. Karthala wengi huupanda kwa siku mbili, wakipitia mathalan kijiji cha Mvuni kilicho juu ya mji wa Moroni. Basi watu wanne kwa siku mbili watahitaji lita 24 mpaka 32, na lita moja ya maji ni kilo moja. Huo ni mzigo ambao familia haiwezi kuubeba pamoja na mahema na chakula. Kwa hiyo wapagazi si anasa ya matajiri. Bila wao safari haifai kuanza. Asiyeweza kuwalipa na achague matembezi ya pwani, na Mungu amtilie baraka.

Msije mkasema, "Tutapunguza ya kunywa ili tupate ya kutawadha." Sharia imeyapanga haya vizuri kuliko sisi. Maji yanayohitajiwa kwa kiu ya binadamu, au hata ya mnyama mliye naye, hutangulizwa, na asiyekuwa na mengine hutayamamu. Lakini kabla ya kufika huko, kumbukeni kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa maji yasiyofika lita moja. Tumezoea bomba, tukasahau sunna. Mwenye kujizoeza nyumbani kutawadha kwa kikombe kikubwa kimoja ataona mlimani kuwa maji yake yatosha.

SALA SAFARINI

Katika jambo hili makosa ni mengi, na yafaa tulieleze kwa urefu kidogo. Wengi hudhani kuwa mtu akiwa likizoni ughaibuni, basi hupunguza Sala siku zote mpaka arudi kwao. Kwa madhehebu yetu ya Shafii sivyo. Mwenye kufika mji akiwa amenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, amekuwa mkazi tangu alipofika, na Sala zake ni kamili. Na mkazi huyo akitoka Moroni kwenda kupanda Karthala, safari yake hiyo haifiki ule umbali wa marhala mbili, ambao ni zaidi ya kilomita 80. Basi familia iliyopanga kukaa wiki moja au mbili Ngazija, juu ya mlima itasali rakaa nne kwa Adhuhuri, Alasiri na Isha, na kila Sala kwa wakati wake. Ama aliyekuja kwa siku mbili tatu tu, huyo bado ni msafiri na ruhusa yake ipo. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake kabla ya kuondoka, asingoje kuuliza mawe ya volkeno.

Viatu vya buti vya kupandia mlima, vyenye kufunika vifundo vya miguu na kuzuia maji, ni neema kwa mwenye kutawadha. Akivivaa hali ya kuwa na udhu kamili, yajuzu kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu: kwa mkazi mchana na usiku mmoja, na kwa msafiri siku tatu na masiku yake. Ama kutayamamu, wanazuoni wetu wa Kishafii wameshurutisha mchanga safi wenye vumbi, na jiwe tupu halitoshi kwao. Kwa kuwa njia ya juu ni ya mawe mengi, mtu aweza kuchukua udongo mkavu ulio safi katika kifuko kidogo. Kifuko hicho uzito wake ni mdogo, na utulivu wa moyo utokao ndani yake ni mkubwa.

Kibla cha Ngazija ni kaskazini, kikielekea magharibi kidogo tu. Chukueni dira, kwani ukungu ukishuka, jua halionekani wala bahari haionekani.

KHATARI ZA JUU

Kila mita 100 za kupanda, baridi huongezeka kwa zaidi ya nusu ya digrii ya Selsiasi. Kwa kimo cha Karthala tofauti yake na pwani hufika kama digrii 14. Mtoto aliyetoka Moroni akitokwa na jasho atatetemeka usiku kambini. Chukueni sweta, soksi za sufu, koti la mvua, kofia na blanketi. Vyote viwe ndani ya mfuko usiopenya maji katikati ya shanta. Kila mmoja awe na tochi yake na filimbi shingoni. Ukungu hupenda kupanda baada ya adhuhuri. Ndiyo maana tukasema saa ya kurejea iwe ya asubuhi.

Hewa ya sumu ndiyo adui asiyeonekana. Baadhi ya hewa zitokazo katika mlima wa moto ni nzito kuliko hewa tuivutayo, hazina rangi wala harufu, na hutuama mashimoni kama maji. Basi msiteremke ndani ya mashimo, msilale mabondeni karibu na nyufa, na mwenye pumu abaki chini. Ukingo wa shimo nao ni wa majivu na mawe yaliyolegea. Atazamaye na asimame mbali, asitafute picha ya kuwaonyesha watu. Na moto usiwashwe ovyo, kwani vichaka vya juu hushika upesi siku za ukavu.

PWANI NA MWEZI

Katika familia hawapandi wote. Bibi, mama mwenye mtoto mchanga, na watoto wadogo wana haki yao ya likizo kama wenye magoti yenye nguvu. Hawa, na wale wanaopanda pia baada ya kupumzika, watapata furaha yao katika matembezi ya pwani. Iko njia ya kutoka Moroni kwenda kusini mpaka mji wa kale wa Ikoni, penye jabali lililosimama juu ya bahari. Hapo, mwanzoni mwa karne ya 19, maharamia kutoka Bukini walipokuja kuteka watu, wanawake wa mji walijitupa majini kuliko kuchukuliwa utumwani. Wazee wawasimulie watoto khabari hiyo kwa adabu, na wawaombee waliokufa rehema. Si mahali pa kuchezea. Kaskazini, upande wa Mitsamiuli na Bangwakuni, kuna fukwe nyeupe kati ya mawe meusi, na karibu na bahari kuna ziwa la chumvi lililokaa ndani ya shimo la volkeno ya kale.

Pwani hii ina adabu zake. Kisiwa ni kilele cha mlima uliosimama katika vilindi. Miamba yake ni myembamba, na mara baada yake kina huanguka ghafula. Katika vilindi vya bahari ya visiwa hivi ndimo aishimo gombesa, yule samaki wa kale ambaye alipovuliwa Nzuani mwaka 1952 aliwashangaza wataalamu wa dunia. Kwa hiyo mtoto asiachwe aogelee kana kwamba yumo katika hori ya kwetu. Mawe ya lava ni makali kama chupa, viatu visivuliwe.

Lakini kubwa ni maji kujaa na kupwa. Hapa Mwislamu ana kalenda mkononi mwake. Maji bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huzidi nguvu siku moja mbili baadaye. Maji mafu huwa karibu na mwezi saba na mwezi ishirini na mbili. Siku za bamvua, kupwa kikuu cha mchana huwa karibu na saa nne au saa tano ya asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Kwa hiyo aliyepanda mlima kwa mwezi wa 12 mpaka 14, akapumzika, atapata pwani pana ya kutembea tarehe 16 au 17. Kanuni yake ni ile ile ya mlimani: anza saa mbili kabla ya maji kukauka, na yakikauka kabisa geuka urudi, kwani bahari nayo imegeuka. Maji ya bamvua hurudi upesi, na penye majabali hakuna pa kupandia. Na wavuvi waulizwe kila siku, kwani wao ndio wenye bahari yao.

HAKI ZA WENYEJI

Mwongoza njia na wapagazi si vyombo vya kubebea. Mapatano yafanywe kabla, mbele ya mashahidi: siku ngapi, mzigo gani, chakula cha nani, malipo kiasi gani. Walale ndani ya hema kama ninyi, wavae joto kama ninyi, na mkifika chini walipwe kabla jasho lao halijakauka, kama alivyotuusia Mtume (s.a.w.). Wakipewa nafasi watakuwa maimamu wenu kambini, maana wengi wao ni wanafunzi wa vyuo vya Kurani tangu utotoni.

Mkikaribishwa nyumbani mwa mtu, kumbukeni yale tuliyoyasema juu ya maji: kila ndoo mnayoogea ilidondoka kutoka paani siku ya mvua. Mavazi yawe ya stara. Mwanamke asafiri na mahramu wake. Na kwa kupanda, suruali pana chini ya kanzu fupi kuliko baibui ni salama zaidi, kwani vazi liburuzalo hunasa miguu penye mteremko. Takataka zenu zishuke nanyi. Kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Vipi basi hali ya aliyekiweka?

Mwisho, kabla ya kuondoka nyumbani, andikeni katika karatasi majina ya wasafiri, njia mtakayopita, jina la mwongoza njia, na siku na saa ya kurudi. Nakala moja apewe mwenyeji wenu mjini, ya pili ibaki kwa jamaa nyumbani, na waambiwe nani wa kumwita ikiwa saa imepita. Simu za mkononi hazishiki kila mahali mlimani. Kisha lipeni madeni yenu, waageni wazee, na msome dua ya safari. Mkirudi salama, hata kama kilele hamkukifikia, someni dua ya kurudi na mmshukuru Mola wenu. Mlima utakuwapo mwakani kwa idhini yake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa baharini na wa angani, na awarejeshe kwa watu wao wakiwa na afya na mazingatio. Amin.